Koo, Kifua na Pafu: Uhakiki wa Lugha ya Maandishi ya Afya Wilayani Karagwe na Kyerwa

Istilahi hupimwa kwa vigezo vingi. Hutazamwa kama neno ni fupi, kama linanyambulika, kama halina maana mbili, na kama linapatana na mfumo wa sauti za Kiswahili. Vigezo hivyo ni vya haki, na Baraza limevizingatia katika kazi yake tangu lilipoundwa kwa Sheria namba 27 ya mwaka 1967. Lakini kipo kigezo kimoja kisichoweza kupimwa mezani peke yake: je, msomaji akilisoma neno hilo atatenda lile ambalo mwandishi alikusudia atende? Katika maandishi ya afya kigezo hiki ndicho kikuu kuliko vyote, kwa kuwa msomaji wa maandishi hayo mara nyingi ni mgonjwa, na kosa la mfasiri humwangukia yeye.

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki lugha inayotumika katika vipeperushi, matangazo ya ukutani na mazungumzo ya redio yahusuyo dalili za koo na afya ya mapafu. Tumechagua kuitazama lugha hiyo kwa macho ya wasomaji wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Wilaya hizi zilikuwa moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012. Sababu za uchaguzi wetu ni tatu. Kwanza, wenyeji wengi huko huzungumza Kinyambo nyumbani, na Kiswahili cha zahanati huwafikia kama lugha ya pili. Pili, chakula chao kikuu, ndizi pamoja na maharage, hupikwa kwa kuni kwa muda mrefu, mara nyingi ndani ya jiko lenye moshi mwingi. Tatu, Kyerwa ina machimbo ya bati, na machimbo yana vumbi. Mahali kama hapo koo huwasha kila siku, na kwa hiyo ni rahisi mtu kulizoea koo lake hata likimwambia jambo zito.

KIINI CHA JAMBO

Kabla ya kuhakiki maneno yafaa tueleze jambo lenyewe. Maumivu mengi ya koo ni ya mafua, nayo huisha kwa siku chache. Mengine hutokana na mafindofindo, au tindikali ya tumboni inayopanda usiku. Hata hivyo koo ni mlango wa mapafu, na yako magonjwa ya mapafu ambayo hujitokeza kwanza mlangoni. Makohozi yanayopanda kutoka mapafuni humfanya mtu ajikohoze mara kwa mara kama mwenye kitu kilichomkwama. Kifua kikuu cha mapafu huweza kuenea hadi kwenye zoloto, yaani kiungo cha sauti, na sauti ikakauka. Tena ipo neva moja inayoendesha nyuzi za sauti ambayo, kabla ya kufika kooni, hushuka kwanza hadi kifuani, upande wa kushoto ikauzunguka mshipa mkuu wa damu, kisha ikarudi juu. Uvimbe wa saratani ukiigandamiza neva hiyo kifuani, mtu hupoteza sauti ilhali koo lenyewe halina kidonda chochote.

Kwa hiyo mwandishi wa afya ana kazi mbili zinazovutana. Hana budi kuwaambia watu wasitishike kwa kila muwasho wa koo. Papo hapo hana budi kuwaambia kwamba muwasho usioisha, kikohozi kisichokoma, au sauti iliyokauka kwa majuma kadhaa, ni jambo la kupelekwa kwa daktari. Kazi hizo mbili haziwezekani bila maneno yanayotenganisha kiungo na kiungo, na dalili na dalili. Hapo ndipo maandishi mengi yanapoanguka.

KOO MOJA, VIUNGO VINNE

Kosa la kwanza ni kuliacha neno koo libebe mzigo wote. Katika mazungumzo ya kawaida si kosa: koo ni sehemu yote ya ndani ya shingo. Lakini kipeperushi kinachosema "koo likiuma nenda zahanati" hakisemi ni wapi panapouma. Kiswahili kina maneno yake. Umio ni njia ya chakula. Zoloto ni kiungo cha sauti. Bomba la hewa ni njia ya kwenda mapafuni. Koromeo ni pale nyuma ya kinywa ambapo njia ya chakula na njia ya hewa hukutana.

Neno koromeo, hata hivyo, limetumiwa kiholela. Walimu wa sarufi huifundisha sauti /h/ kuwa ni ya koromeo, ambako wengine husema ni ya glota. Walimu wa sayansi hutumia koromeo kwa sehemu ya nyuma ya kinywa. Mwanafunzi mmoja, katika siku moja, hufundishwa kwamba koromeo liko mahali pawili. Tunashauri wanasarufi wabaki na glota, ambayo tayari wanayo, na koromeo liachiwe sayansi.

Kwa msomaji wa Karagwe kuna utata zaidi. Katika lugha za kundi la Kinyambo na Kihaya, koo huitwa omumiro au omumilo, kutokana na kitenzi cha kumeza. Umio wa Kiswahili ni ndugu wa neno hilo, lakini umio wetu umebanwa kuwa njia ya chakula tu. Mnyambo anaposoma umio anaweza kuelewa koo lote, na mfasiri aliyetaka kutenganisha atakuwa amechanganya. Dawa yake si kuliacha neno umio. Dawa ni kuliandika pamoja na kazi yake: "umio, njia ya chakula". Maneno matatu ya ziada hayaongezi gharama ya karatasi.

Tena tusisahau kwamba koo ni wingi wa ukoo. Kichwa cha habari kinachosema "Magonjwa ya koo" chaweza kusomwa kuwa ni magonjwa ya kurithi katika koo za watu. Hili si jambo la kuchekesha. Watu wengi wameamini kwa muda mrefu kwamba kifua kikuu huandama ukoo fulani, na familia zimekwepwa katika ndoa kwa sababu hiyo. Ukweli ni kwamba kifua kikuu huletwa na kijidudu ambacho Robert Koch alikitangaza mwaka 1882, nacho husafiri kwa hewa. Hakisafiri kwa damu ya ukoo. Huwapata watu wa nyumba moja kwa sababu wanavuta hewa moja. Sarufi yetu inatupa njia rahisi ya kuepuka utata huu: tuseme "magonjwa ya kooni". Kiambishi -ni kinatosha kuonyesha kwamba tunataja mahali, wala si jamaa.

NENO "KIFUA"

Kosa la pili linahusu kifua. Kiswahili hulitumia neno hili kwa sehemu ya mwili na kwa ugonjwa pia: mtu husema "nina kifua" akiwa na maana ya kikohozi. Jina kifua kikuu limejengwa juu ya matumizi hayo, nalo limekubalika tangu zamani. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma umelibeba tangu ulipoanza mwaka 1977. Hatupendekezi libadilishwe, maana istilahi iliyokwisha kuota mizizi hainyofolewi bila sababu kubwa.

Tunachokihakiki ni matumizi yake. Jina hilo humfanya msomaji atarajie maumivu ya kifua. Lakini nyama ya pafu yenyewe haihisi maumivu. Kinachouma ni utando unaolizunguka. Pafu laweza kuharibika kwa miezi pasipo kifua kuuma. Kwa hiyo swali "Je, kifua kinauma?", ambalo hupatikana katika mazungumzo mengi ya afya, ni swali baya kwa mwenye dalili za kooni. Atajibu kwa ukweli kwamba hakiumi, atapewa dawa ya kulainisha koo, na atarudi nyumbani kwa watoto wake. Swali jema ni lile linaloanzia kwenye muda: umekohoa kwa siku ngapi? Sauti imekauka tangu lini? Usiku unatoka jasho la kulowesha nguo? Mwili umepungua?

Neno jingine la mkanganyiko ni kichomi. Kwa wengine ni maumivu ya kuchoma ubavuni, kwa wengine ni ugonjwa uitwao pia nimonia au homa ya mapafu. Na neno pumu, ambalo leo ni jina la ugonjwa wa kubanwa pumzi, katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana ya pafu lenyewe. Mfasiri anayetumia kamusi kongwe hana budi kuliangalia hilo.

MATE SI MAKOHOZI

Hapa istilahi inagusa maabara moja kwa moja. Kipimo cha kifua kikuu hutegemea makohozi yanayotoka ndani ya mapafu. Mgonjwa akileta mate, chombo kitapima mate. Jibu litakuwa kwamba hana ugonjwa, hali anao. Ukiangalia maelezo yanayotolewa kwa mgonjwa, mara nyingi yanasema "tema katika kikopo hiki". Lakini kutema ni kitenzi kimoja kwa mate na kwa makohozi. Aliyetema mate ametii amri aliyopewa.

Kiswahili hapa si maskini. Tuna mate, tuna kamasi, tuna belghamu, tuna makohozi, na tuna gole kwa kohozi zito. Mafundisho yawe hivi: "Vuta pumzi hadi ndani kabisa, kohoa kwa nguvu kutoka kifuani, kisha tema makohozi, si mate." Sentensi hiyo ina hatua tatu, na kila hatua ina kitenzi chake. Mhudumu anayesema Kinyambo aongeze kitenzi cha nyumbani, kukorora. Na mhudumu aliyetoka mkoa mwingine ajue kwamba kukorora ni kukohoa, asikisikie kama kukoroma kwetu, akaandika kwamba mgonjwa anasumbuliwa na usingizi.

SAUTI

Vipeperushi vinapofika kwenye sauti husema "mabadiliko ya sauti". Maneno haya yametafsiriwa kwa usahihi wa kamusi na kwa upungufu wa maana. Mvulana wa miaka 14 ana mabadiliko ya sauti. Mwimbaji wa kwaya aliyeimba usiku kucha anayo. Linalotakiwa ni neno linalotaja hali yenyewe, nayo maneno yapo: sauti imekauka, sauti inakwaruza, amepwelewa na sauti. Tunapendekeza "sauti kukauka" liwe neno la kawaida katika maandishi ya afya, na lifuatwe daima na muda: "sauti iliyokauka kwa zaidi ya majuma matatu". Bila muda, dalili hii haina kazi, kwa kuwa kila mtu hukaukiwa na sauti mara moja au mbili kwa mwaka.

Hapa pia litajwe neno mshipa. Maandishi yanayoeleza ile neva ya sauti huiita mshipa. Lakini kwetu mshipa ni njia ya damu, ni ukano, ni ngiri, na ni neva pia. Msomaji akisoma kwamba "mshipa umebanwa kifuani" atawaza damu. Katika istilahi za tiba neva ibaki neva.

NENO "SUGU"

Hili ni kosa dogo kwa macho na kubwa kwa matokeo. Tunasoma "kikohozi sugu", kwa maana ya kikohozi cha muda mrefu. Tunasoma pia "kifua kikuu sugu", kwa maana ya kile ambacho vijidudu vyake havisikii dawa za kawaida, na ambacho matibabu yake nchini yalianzia katika Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro. Neno moja limepewa dhana mbili zilizo mbali sana. Mama wa Nkwenda anayesoma kwamba ana kikohozi sugu anaweza kuelewa kwamba hakuna dawa itakayokifaa, akakata tamaa kabla ya kupimwa. Kumbe kifua kikuu cha kawaida hupona kwa dawa zinazotolewa bila malipo.

Pendekezo letu ni la wazi: sugu liachiwe usugu wa dawa, kinachodumu kiitwe cha muda mrefu.

VUMBI LA KYERWA

Bati la Kyerwa hupatikana pamoja na mawe ya kwatzi. Mawe hayo yakipasuliwa hutoa vumbi jembamba la silika, ambalo chembe zake zinazodhuru zaidi hazionekani kwa macho. Chembe hizo hupita kooni, zikafika ndani ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, huchukua miaka kujitokeza. Hauna dawa ya kuondoa makovu, na humweka mchimbaji katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Huanza kwa kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi, mambo ambayo mchimbaji huyaita uchovu au vumbi la kooni.

Silikosisi ni neno la kukopa na hatulipingi. Limetoholewa kwa kufuata kanuni. Lakini katika tangazo la mgodini halitoshi peke yake. Liandikwe "silikosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu unaoletwa na vumbi la mawe". Msomaji apewe sababu ndani ya jina.

Neno la pili la mgodini ni barakoa. Lilienea kwa wananchi wote mwaka 2020, wakati wa ugonjwa ambao Kiswahili sasa kinauita UVIKO-19. Lakini barakoa ya kitambaa, barakoa ya hospitalini na kifaa cha kuchuja vumbi ni vitu vitatu. Kitambaa hakizuii chembe za silika. Amri isemayo "vaa barakoa" humpa mchimbaji ruhusa ya kujifunga leso na kuamini kwamba amejikinga. Tunapendekeza "barakoa ya kuchuja vumbi" kwa kifaa kile tu kinachochuja kweli, na pamoja nayo maneno "lowesha mwamba kwa maji", kwa kuwa vumbi lililoloweshwa halipandi hewani.

LUGHA YA KUFICHA

Miaka ya 2020 na 2021 ilituachia pia usemi "changamoto ya upumuaji". Tunauhakiki kwa sababu bado unaandikwa. Changamoto ni jambo linalomchochea mtu kujitahidi. Kukosa pumzi si jambo la kumchochea mtu. Ni dalili ya hatari. Usemi huu hausemi kama mtu anahema, anatweta, amebanwa na pumzi, au anakata pumzi akipanda mlima, na daktari huhitaji kujua ni lipi kati ya hayo. Neno linaloficha hali ya mgonjwa halifai kuwa istilahi, hata likivaa nguo za adabu.

"NI DALILI" NA "HUENDA IKAWA DALILI"

Hili la mwisho si la msamiati bali la sarufi. Mwandishi wa asili husema kwamba sauti kukauka huenda ikawa dalili ya ugonjwa wa mapafu. Mfasiri mwenye haraka huandika "sauti kukauka ni dalili ya saratani ya mapafu". Neno huenda limepotea, na kwa kupotea kwake wasomaji wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza hutishika, na katika hofu hiyo hukimbilia kwa yeyote anayeahidi kuponya. Wa pili, ambaye jirani yake alikaukiwa na sauti akapona kwa chai ya tangawizi, hucheka na kulidharau tangazo zima. Wote wawili wamekosa kwenda kupimwa.

Kiswahili kina huenda, kina yaweza kuwa, kina hali ya -nge-, kina pengine. Mfasiri anayeyaacha maneno hayo ili sentensi iwe fupi ameibadilisha taarifa ya mtaalamu kuwa hukumu.

MAPENDEKEZO

Tunawaletea wasomaji maneno yafuatayo wayajadili, hasa walimu na wahudumu wa afya wa Karagwe na Kyerwa:

Koo: sehemu yote ya ndani ya shingo, kwa mazungumzo ya jumla. Mahali patajwe kwa "kooni".
Koromeo: nyuma ya kinywa, zinapokutana njia ya chakula na njia ya hewa.
Umio: njia ya chakula kutoka koromeo hadi tumboni.
Zoloto: kiungo cha sauti, chenye nyuzi za sauti, juu ya bomba la hewa.
Bomba la hewa: njia ya hewa kutoka kwenye zoloto kwenda mapafuni.
Makohozi: utelezi unaotoka mapafuni kwa kukohoa. Yasichanganywe na mate.
Kujikohoza: kukohoa kwa makusudi ili kusafisha koo.
Sauti kukauka: sauti kuwa ya kukwaruza au kupotea. Muda utajwe daima.
Kikohozi cha muda mrefu: kikohozi cha majuma mawili au zaidi.
Usugu: hali ya kijidudu kutosikia dawa.
Barakoa ya kuchuja vumbi: kifaa cha kumkinga mfanyakazi na vumbi jembamba.

HITIMISHO

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifika vijijini kwa sababu watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, kisha wakaulizana. Maneno yalipimwa na wasikilizaji wenyewe: lisiloeleweka lilionekana mara moja, kwa kuwa mtu aliinuka akauliza maana yake. Kipeperushi cha leo humfikia msomaji akiwa peke yake, wala hakuna wa kumwuliza. Ndiyo maana kila kipeperushi cha afya kingepaswa kusomwa kwa sauti mbele ya watu kumi wa mahali kinapopelekwa, kabla ya kupigwa chapa. Waulizwe swali moja tu: baada ya kusikia haya, utafanya nini kesho asubuhi?

Kamusi za Kinyambo na Kihaya zilizoandaliwa na wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 2000 ziko tayari kumsaidia mfasiri. Msamiati wa Kiswahili uko tayari pia, kama tulivyoonyesha. Kinachobaki ni wafasiri na maofisa wa wilaya kukubaliana juu ya maneno hayo na kuyatumia namna moja: katika tangazo la Kayanga, katika tangazo la Murongo, na katika kitabu cha shule. Maoni ya wasomaji yaletwe kwa Mhariri, na hasa ya wale ambao kila asubuhi hukaa mbele ya mgonjwa na kumwuliza anaumwa wapi.